Mavyaa asema nimemchimbia kaburi sebuleni

Shangazi, assalamu alaikum.

Kwanza naomba unisitiri jina. Malindi ni ndogo, na mavyaa wangu ana masikio kuanzia Barani mpaka Maweni.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Mkubwa yuko darasa la pili, mdogo ana mwaka mmoja na nusu na ndiyo kwanza ameanza kukimbia. Tunakaa Muyeye. Mwaka jana, baada ya miaka saba ya kujenga kwa kudunduliza, leo kozi mbili za mawe ya timbo, mwakani linta, tulihamia nyumba yetu. Vyumba vya kulala vimekwisha, jikoni kumekwisha. Iliyobaki ni sebule, futi 15 kwa 20, sakafu ya simenti tupu. Tangu siku ya msingi nilimwambia baba watoto kwamba vyumba vingine apange yeye, sebule ni yangu.

Makochi sitaki, Shangazi. Nimelelewa kwenye nyumba yenye seti ya makochi yaliyovishwa vitambaa, tukakatazwa kuyakalia mpaka aje mgeni, na mgeni akija sisi watoto tunatolewa uani. Nilijiapiza kwamba kwangu mtu atajinyoosha. Ndipo nikaona kwenye Instagram sebule ambayo sakafu ya katikati imeshuka kama birika la kuogea, pembeni magodoro yamezunguka, mito imetupwatupwa, watu wameketi huko chini wanatazamana kama wanaota moto. Na si kwenye simu tu. Mimi hupika kwenye nyumba moja ya wageni upande wa Casuarina, na pale wanayo kama hiyo nje, chini ya makuti karibu na bwawa. Wageni wakishuka mle hawatoki mpaka usiku. Nikasema hii ndiyo.

Zamu yangu ya chama ilipofika nikamwita fundi. Alitaka KSh 65,000, kazi ya siku tano, ashushe sakafu hadi magotini na kujenga vikalio. Mume wangu alisema, "Fanya upendavyo, mimi nitakaa popote." Fundi akaanza Alhamisi. Akakata sakafu mraba wa kama mita moja na nusu, akachimba. Mchanga wa chini ulitoka umelowa. Akasema ni kawaida.

Kesho yake ni Ijumaa, na kila Ijumaa baada ya swala mavyaa huja kula kwetu. Ana miaka 71, magoti yake yana yabisi, hutembea na bakora. Alisimama ukingoni pa lile shimo, akaliangalia muda mrefu, kisha akasema mbele ya mawifi zangu wawili na jirani: "Mwanangu, kaburi langu nalijua liliko. Usinichimbie la pili sebuleni." Wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nikajibu, na najuta kujibu: "Mama, si lazima ushuke." Pakawa kimya. Akachukua bakora yake akaondoka, pilau haijapakuliwa.

Ni Ijumaa ya tatu hii hajaja. Mume wangu hasemi kitu, ila kila akilipita lile shimo huvuta pumzi. Nimelifunika kwa mbao na mkeka. Fundi anapiga simu anataka kumalizia kazi yake. Nimalize au nifukie? Na nikifukia, si nitakuwa nimeshindwa na mavyaa ndani ya nyumba yangu mwenyewe?

Mwenye Shimo, Malindi

*

Waalaikum salaam, mwanangu.

Kabla hatujafika kwa mavyaa, toa huo mkeka. Leo, kabla ya Magharibi. Mkeka juu ya mbao umelificha shimo tu, hatari iko pale pale, na una mtoto anayekimbia. Weka mbao nene zilizopigiliwa pamoja, zivuke ukingo kwa futi moja kila upande, zionekane, na juu yake usitandike kitu. Ukimaliza hilo, rudi tuzungumze.

Umeuliza kama kufukia ni kushindwa. Mimi naona mlikuwa na kesi mbili ukazichanganya kuwa moja: kesi ya shimo na kesi ya maneno. Ya shimo, mavyaa ana haki, ijapokuwa kwa sababu isiyo yake. Ya maneno, yeye alianza, naye hakuwa na haja ya kukuchekesha mbele ya mawifi. Lakini wewe ulilomjibu lilikuwa zito kuliko lake. Mtu mzima ukimwambia "si lazima ushuke" katika sebule ambayo watu wote watakuwa chini, umemwambia atakaa peke yake juu, au hatakaa. Bila shaka ndivyo alivyosikia.

Tuanze na shimo, maana hilo lina vipimo.

Hicho ulichokipenda kina ukoo wake. Huko Marekani msanifu Bruce Goff alikuwa tayari ameshusha sehemu ya kukaa kwenye nyumba moja ya Tulsa katika miaka ya 1920. Kilichoipa sebule ya namna hiyo umaarufu ni nyumba ya familia ya Miller mjini Columbus, jimbo la Indiana, iliyokamilika mwaka 1957, kazi ya Eero Saarinen kwa majengo na Alexander Girard kwa mapambo: mraba ulioshushwa katikati ya ukumbi mkubwa, umezungukwa na vikalio na mito ya rangi tele. Mwaka 1962 ukumbi wa abiria wa TWA, alioubuni Saarinen huyo huyo katika uwanja wa ndege wa New York, ukafunguliwa na sehemu yake ya kungojea iliyozama, na tangu 2019 jengo hilo ni hoteli. Watu wakaiga hadi miaka ya 1970, halafu wengi wakazijaza zege. Wageni walitumbukia, watoto walitumbukia, na watu wakachoka kufagia mle ndani.

Sasa angalia ilikofanya vizuri. Ni kwenye ukumbi mpana kweli, ambako ukitoa mraba wa kukaa bado pamebaki njia ya watu kupita pande zote. Ni nchi ya baridi, madirisha yamefungwa, joto linatoka kwenye mitambo, na mtu anataka kujikunyata pamoja na wenzake. Wewe uko Muyeye. Kaskazi ikivuma mwezi wa Februari, unataka kujikunyata na nani?

Chukua tepu tupime. Fundi anashusha sentimita 45. Kikalio chenye godoro kina kama 40. Basi mtu akiketi, makalio yake yako sentimita tano chini ya sakafu yako ya kawaida. Kutoka kikalioni hadi utosini mtu mzima ana kama sentimita 80. Kichwa chake kitakuwa sentimita 75 juu ya sakafu. Dirisha lako linaanzia wapi? Kama mafundi wetu wengi walivyozoea, linaanzia kwenye 90. Upepo wote wa bahari utakuwa unapita juu ya vichwa vya wageni wako, unaipepea feni tu. Mtu huyo huyo akiketi kwenye kikalio cha kawaida juu ya sakafu, kichwa kinafika mita 1.2, mle mle mwenye upepo.

Kuna maji. Mwambie fundi wako kwamba mchanga kulowa chini ya sakafu ni kawaida kweli, ndiyo maana ilitandikwa nailoni chini ya zege mlipomwaga. Alipokata aliikata na nailoni. Alichofungua hakitafungwa kwa plasta. Ukitaka shimo lisilopanda unyevu, unajenga birika lililogeuzwa: badala ya kuzuia maji yasitoke, unayazuia yasiingie, chini na pande zote nne, zege lenye dawa ya kuzuia maji na nailoni iliyoungwa na ile ya zamani kila mahali. Kazi hiyo haifanyiki kwa siku tano, na sidhani kama imo kwenye KSh 65,000 zako. Bila hiyo, mvua za Mei zikija godoro litaota ukungu upande wa chini, na utaijua harufu kabla hujauona.

Na deki je? Sisi tunamwaga maji, tunasukuma kwa fagio mpaka mlangoni. Mle utayasukumia wapi? Utayachota kwa kikopo, mwanangu, kila asubuhi, na chai ya mtoto iliyomwagika, na wali wa jana.

Lakini lililonishawishi mimi zaidi ni hitima. Na maulidi, na siku mkubwa wako atakapokuja kuolewa au kuoa. Nyumba zetu siku ya shughuli zinageuka. Viti vinatolewa uani, majamvi yanatandikwa ukuta kwa ukuta, akina mama arobaini wanaingia chumba cha kukaa watu saba. Kochi hata liwe zito vipi, vijana wanne watalinyanyua. Shimo halinyanyuliki. Katikati ya sebule yako, pale pale pa kuweka masinia, patakuwa na tundu ambalo lazima mtu awekwe kulilinda.

Kwa hiyo fukia. Ila usifikiri nakurudisha kwenye makochi ya vitambaa, Mungu apishe mbali. Hilo la kwako la mtu kujinyoosha, watu kutazamana badala ya kuitazama televisheni, ni zuri na ni letu. Uliliona kwenye Instagram kwa sababu tulikuwa tumelisahau majumbani.

Siku ukiwa na nafasi, panda matatu ya Mombasa ushuke Gede, uwachukue na watoto. Mji ule wa mawe uliohamwa karne nyingi, ambao James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948 na ambao mwaka 2024 uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, una nyumba ambayo wachimbuaji waliipa jina kwa ua wake ulioshushwa. Si hiyo pekee. Utaona nyumba kadhaa pale ambazo ua uko chini na vyumba viko juu yake. Simama ukingoni kama alivyosimama mavyaa, ukaangalie kilichokuwa chini na kilichokuwa juu. Chini palikuwa ua ulio wazi kwa mvua. Juu palikuwa watu. Wale mabwana walishusha pa maji, wakapandisha pa kukalia.

Kwetu Lamu ni vivyo hivyo. Mimi nimezaliwa Mkomani, kwenye nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, na hata majina ya vyumba yanakwambia unapanda. Unaingia kutoka daka, kibaraza cha mlangoni, unapita tekani, kijia cha kuingilia, unafika kiwanda, yaani ua. Kutoka kiwanda unapanda kuingia msana wa tini, yaani ukumbi wa chini, kisha msana wa yuu, ule wa juu, kisha ndani. Kadiri unavyokaribia faragha ya nyumba ndivyo unavyoinuka. Bibi yangu alikuwa akituona tumejilaza kwenye kizingiti anasema tu, "Yuu, wanangu, yuu." Ukitaka kuona bila kumbisha hodi mtu, Makumbusho ya Nyumba ya Kiswahili pale Lamu iko wazi kwa wageni.

Na mle ndani hapakuwa na makochi. Palikuwa na mikeka, mito ya sufi, vitanda vya kamba vya kulalia na kukalia, na pale dakani mabaraza mawili ya mawe yanayotazamana. Kikalio hicho cha mawe kimekuwa mashuhuri hata serikali imechukua jina lake: wanaposema Baraza la Mawaziri, wanataja benchi la bibi yangu.

Basi jenga baraza. Ndani.

Sebule yako ya futi 15 kwa 20 ni kama mita 4.6 kwa 6. Jenga kikalio cha mawe kwenye ukuta wa nyuma wote, halafu kirudi kwa kuta mbili za pembeni kwa urefu wa mita 2.5 kila upande, kama herufi U inayotazama mlango. Upana wake sentimita 75, ili mtu akitaka aketi na akitaka alale. Ukitoa 75 huku na 75 kule, katikati panabaki kama mita 3, na hiyo ndiyo nafasi yako "iliyozama". Hujachimba hata jembe moja, lakini ukiketi utaona sakafu imeshuka mbele yako na kingo zimekuzunguka, kwa kuwa jicho linapima kutoka mahali ulipo. Mita 3 si kipimo cha kubahatisha pia. Vyumba vya Lamu ni vyembamba, karibu na kiasi hicho, sababu dari zilibebwa na boriti za mikoko na boriti haiwi ndefu zaidi ya pale. Mafundi hawakuwa na hiari, lakini matokeo yake ni chumba ambacho mtu wa ukuta huu anamsikia wa ukuta ule bila kupaza sauti. Hapo watakaa watu 12 bila kubanana. Seti ya 3-2-1-1 inakaa 7, wa nane anaketi kwenye mkono wa kochi.

Urefu wa jiwe uwe sentimita 28, godoro 14, likikaliwa linashuka, unabaki na karibu 40. Usiende chini ya hapo ati ndiyo kisasa. Kukaa chini ni raha, kuinuka ndiyo kazi. Godoro lisiwe la sponji laini. Ukiketi likibonyea hadi ukaligusa jiwe, umenunua hewa. Nunua lile gumu, zito, halafu mito ya mgongoni iwe minene, sentimita 20, maana kwenye kikalio cha 75 mtu mfupi asipokuwa na mto mgongoni miguu yake inaning'inia kama ya mtoto. Foronya ziwe na zipu zote. Kitambaa kiwe pamba nzito kinachofulika. Ngozi bandia usiguse, kwa joto letu hushika mapaja mwaka wa kwanza na kumenyeka wa pili.

Tena usilaze godoro juu ya simenti moja kwa moja, hata simenti iliyo kavu. Tandika mkeka wa ukindu katikati, na kila ukipiga deki kubwa lisimamishe ukutani lipate hewa. Mbele ya baraza mwambie fundi aache matundu matatu au manne yenye tao dogo, kama vidaka. Yatapitisha hewa na yatameza viatu, vitabu na magari ya mtoto. Kingo za jiwe zisiwe kali, aziviringe kwa mwiko, kwa sababu huyo wa mwaka mmoja na nusu atazigonga kwa paji la uso kabla ya Idi. Umaliziaji mimi napenda niru nyeupe iliyosuguliwa, lakini kama utatia taili, tia sakafuni tu. Baraza lenye taili linafanana na hodhi la kuogea maiti, na mavyaa asipolisema hilo nitalisema mimi.

Feni ining'inie katikati ya ile nafasi ya chini, si juu ya baraza, maana watoto watasimama juu ya magodoro. Televisheni itafute pa kwenda, lakini isiwe ukuta wa nyuma wala isiwe mbele kabisa. Pembeni karibu na mlango inatosha. Aitakaye atageuka.

Siku ya hitima unatoa magodoro, na lile jiwe ni viti vya wazee huku majamvi yakijaza katikati.

Sasa lile tundu. Fundi asije akarudisha mchanga akapiga simenti juu. Mchanga urudi kwa tabaka, kila tabaka la sentimita 15 limwagiwe maji na kushindiliwa mpaka likatae. Juu yake mawe yaliyopondwa, nayo yashindiliwe. Anyunyize dawa ya mchwa. Halafu abomoe ukingo wa sakafu ya zamani kidogo kidogo, futi moja kila upande, bila kuikata nailoni iliyo chini, ili nailoni mpya iikalie ile ya zamani kwa sentimita 30, la sivyo unyevu utapanda kwa mzunguko wa kiraka na utaona ramani yake kwenye sakafu kila masika. Nondo za wavu zifungwe na zile za zamani kama zipo. Zege sentimita 10, simenti moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mchanga wa pwani hapana, na maji ya kisima chenye chumvi hapana, hata fundi akuapie. Chumvi inakula chuma. Mwagilia siku saba. Najua utaona kero, mwagilia.

Fundi mlipe siku zake alizofanya, na hizi za kufukia, kisha mpe kazi ya baraza kwa hesabu mpya. Usigombane naye. Aliagizwa shimo akachimba shimo. Ila kabla hajaweka jiwe, mwambie apange mawe makavu bila simenti kwenye ukuta mmoja, utie godoro, uketi hapo siku mbili. Kama ni juu au ni chini mno, utajua kwa mgongo wako.

Ukiwa bado una hamu na lile la Casuarina, sikulaumu. Lakini umeshaniambia mwenyewe lilipo: nje, chini ya makuti. Huko ndiko mahali pake, upepo unapita pande zote, na chini wameacha tundu la maji lenye bomba, nina hakika, nenda kesho ukiwa kazini ukaangalie kona ya chini kabisa. Siku ukipata pesa za ua, tutaandikiana tena.

Nimemwacha mavyaa mwisho kwa sababu sasa tuna kitu cha kumpelekea.

Watu wa Lamu waliokuwa wakiketi mikekani na mabarazani walikuwa pia na kiti cha enzi. Umekiona, pengine kwenye picha: cha mpingo, kimenyooka, kina mikono, kimetiwa nakshi za pembe na kusukwa kamba mgongoni na kikalioni, na mbele kina pa kuwekea miguu. Hakikuwa cha kila mtu. Wote chini, na mgeni wa heshima juu. Kwa hiyo kile ulichomwambia kwa hasira, kwamba si lazima ashuke, kilikuwa na maana yake nzuri iliyopotea njiani. Hashuki, kwa kuwa kiti chake ni kile.

Si lazima kiwe cha mpingo. Seremala yeyote wa mjini atakuchongea cha mninga au mwembe, ila kiwe na mikono miwili imara inayofika mbele, maana mwenye yabisi huinuka kwa mikono, na kiti kisitikisike. Kiweke mdomoni mwa ile U, upande wa mlango, penye upepo, asilazimike kupita kati ya miguu ya watu, na apatazame pote. Pembeni yake ukutani pachongwe kijishikio cha kuegemeza bakora, isiwe inaanguka kila mara na mtu kuiokota.

Lakini urefu wa kiti hicho sitaweza kukupa mimi. Unatoka kwenye sakafu hadi nyuma ya goti lake akiwa ameketi na viatu anavyovaa ndani, ongeza sentimita mbili au tatu. Kila mtu ana wake.

Kwa hiyo Alhamisi hii, usingoje Ijumaa, nenda kwake. Nenda peke yako, mawifi wasiwepo, na uchukue sufuria ya pilau ile ambayo hakuila. Usianze na shimo. Mwombe radhi kwa lile neno moja tu, ya kwake yaache hapo alipoyaacha, halafu toa tepu kwenye mkoba umwambie, "Mama, nimekuja kukupima goti." Atauliza la nini. Mweleze, na mchoro umchoree kwenye karatasi hapo hapo, aone U iko wapi na yeye yuko wapi.

Akianza kukurekebisha mchoro, mwachie kalamu. Na kitambaa cha mito mkachague naye, ijapokuwa namhofia rangi atakayoipenda. Nina mjomba aliyepewa uhuru huo na sasa sebule yao nzima ni zambarau.

Nipelekee kipimo cha goti ukishakipata, pamoja na urefu wa dirisha lako kutoka sakafuni. Kama ni juu ya 90, tutapandisha jiwe la baraza la nyuma sentimita tatu.

Shangazi